Kimya cha mchekeshaji kwenye kaseti kuukuu

Redio ya Zanzibar, Sauti ya Unguja, ilianza kusikika mwaka 1951. Wengi waliotuchekesha kwenye michezo ya redio ya zama zile wameshatangulia mbele ya haki. Mkanda ulikuwa ghali, na vituo vya redio, hata vya Ulaya, vilizoea kufuta kipindi na kurekodi kingine juu yake. Ndiyo maana marehemu mchekeshaji mara nyingi hupatikana kabatini kwa mtu, mtaa wa Ng'ambo mjini Unguja au Wete kule Pemba, kwenye kaseti iliyorekodiwa kwa kuweka redio kaseti mbele ya spika ya redio nyingine.

Usiipige siku unayoipata. Piga picha maandishi ya kwenye boksi, halafu tazama ukanda kupitia kidirisha cha kaseti. Ukiona unga mweupe, imefanya kawa (ukungu): itie kwenye chombo kinachofunga vizuri pamoja na vifuko vya silika (vile vinavyonyonya unyevu), wiki nzima, ndipo uipanguse kwa kitambaa kikavu, nje, umevaa barakoa. (Mchele hausaidii, unaacha vumbi tu.) Kama kile kisponji kinachousukuma ukanda kwenye hedi (kile kichwa cha redio kaseti kinachosoma sauti) kimebanduka, fungua skrubu tano uhamishie ukanda kwenye kasha jingine. Jihadhari na C120, yaani kaseti ya dakika 120: ukanda wake una unene wa maikroni 9 hivi, karibu nusu ya ule wa C60 (ya dakika 60), na hukatika ukirudishwa kwa kasi.

Kabla ya kuirekodi kaseti kwenye kompyuta, zungusha taratibu skrubu ya pembeni mwa hedi mpaka "s" na "sh" zisikike kali. Mchekeshaji hunong'ona maneno ya pembeni, na hedi iliyopinda huyameza yote. Mimi hurekodi WAV (faili la sauti lisilobanwa) ya biti 24, kHz 96. Saa moja ya mono (mkondo mmoja wa sauti) ni kama GB 1, si kitu siku hizi.

Sasa kasi, na hapa ndipo wengi wanapomharibu marehemu. Betri za redio kaseti zikichoka wakati wa kurekodi, ukanda ulikwenda polepole. Ukiupiga leo unakwenda mbio, na sauti ya bwana mzima inakuwa ya kijana. Watu hukataa kabisa kwamba ndiye. Tafuta mvumo wa umeme wa ile redio iliyokuwa ikirekodiwa. Umeme wetu ni Hz 50, na mvumo wa redio yenyewe aghalabu huwa Hz 100. Kompyuta ikikuonyesha 104, punguza kasi hadi asilimia 96.15, kasi na kimo cha sauti kwa pamoja. Dakika 30 zinakuwa 31 na sekunde 12. Hiyo dakika na ushei ndiyo pumzi yake aliyonyang'anywa. Betri huzidi kuchoka kadiri mchezo unavyoendelea, kwa hiyo pima upya kila baada ya dakika 5.

Kelele iache kwa kiasi. Redio kaseti nyingi hujipandisha sauti zenyewe pakiwa kimya, na mlio wa "shhh" hupanda kila mwigizaji anaponyamaza. Unatamani kuufuta. Programu ikifuta kila kilicho chini ya kiwango fulani, inafuta pia pumzi, mguno na kiti kinacholia, na kichekesho chote kilikuwa pale. Mimi hupunguza desibeli 6 tu, tena kwenye nakala, faili la asili siligusi. Kitufe cha kukata vimya kisiguswe kabisa.

Kumtambua mwenye sauti, wasikilizishe wazee watatu, kila mmoja peke yake. Wakikaa pamoja, wa kwanza kutaja jina huwavuta wenzake.

Kisha geuza upande wa pili, hata kama umeandikwa "taarab". Mwisho wa mchezo mara nyingi umo humo, baada ya nyimbo kwisha.