Bundi hakuja kumchukua mgonjwa wako

Kila nikienda kuchanja kuku wa watu naombwa pia dawa ya kumfukuza bundi. Kuku hawajaguswa. Kosa lake ni kwamba amelia juu ya bati na ndani kuna mgonjwa. Mimi ni daktari wa mifugo, na jibu langu ni lilelile: bundi hatabiri kifo cha mtu.

"Lakini daktari, bibi alifariki siku ya tatu." Pole sana, ila tafakari. Penye mgonjwa mahututi watu hukesha na taa haizimwi. Taa huvuta wadudu, makombo huvuta panya, na bundi hufuata mlo. Usiku mwingine huwa analia vilevile nyie mmelala fofofo, na hakuna anayehesabu. Wagiriki wa kale, waabudu miungu wengi, walimchonga bundi kwenye sarafu zao za fedha mjini Athens kwa kuwa ni ndege wa Athena, mungu wao wa hekima. Warumi, walioiga mengi kwao, wakamwona nuksi. Kama kilio kile kingebeba habari ya kifo, wote wangeisikia.

Ukitaka kujua anafanya nini kwako, okota donge jeusi chini ya mahali anapolala. Bundi humeza panya mzima, kisha hutapika manyoya na mifupa. Liloweke, ulipasue taratibu: mafuvu madogo yatatoka, meno ya mbele bado yana rangi ya chungwa. Hao ndio waliokuwa wakila mahindi yako ghalani. Panya shamba jike anaweza kuzaa watoto zaidi ya kumi kwa mkupuo mmoja, halafu mtu anamuua bundi! Mkulima mmoja alichoma kiota chenye makinda, na msimu huohuo akaja kuniulizia sumu ya panya. Iliniuma sana.

Na sumu yenyewe ni balaa. Nyingi za dukani huzuia damu kuganda. Panya hafi palepale. Huyumbayumba kwa siku kadhaa, bundi humnasa kirahisi na kumla, kisha bundi naye huvujia damu ndani kwa ndani. Penye bundi, tumia mitego. Nitalirudia hili mpaka nistaafu.

Ile sauti ya "mtu anayekoroma" darini ni makinda wanaodai chakula. Wavumilie kama miezi miwili hivi, waruke, ndipo uzibe tundu kwa wavu na kutundika sanduku la mbao kwenye mti ulio jirani.

Fisi naye husemwa ni huntha na kipando cha wachawi. Fisi madoa jike ana kiungo kirefu kinachofanana na cha dume, na huzaa kupitia hichohicho. Maumbile tu. Kule Harar, Ethiopia, watu huwalisha fisi nyama usiku, wakiamini hula majini wabaya.

Kinyonga hana sumu, na hakulaani. Hubadili rangi kwa joto, kwa hasira na anapotafuta jike. Ukimkuta barabarani usimponde kwa jiwe. Msogezee kijiti, atakishika mwenyewe kwa miguu, kisha umweke kichakani, upande ule alikokuwa akielekea.