Harmonika si filimbi

Wiki iliyopita pale Mkunguni, Lamu, kijana mmoja alinipa salamu kisha akanionyesha kitu kinachong'aa. "Ami, nimenunua filimbi ya bluzi." Ni mtu wa tatu mwaka huu kuniambia hivyo. Nikamwambia aipige. Akapuliza, akapuliza, mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Sauti ilikuwa tamu, lakini bluzi, ule muziki wa huzuni wa Wamarekani Weusi, haikuwamo.

Harmonika ni ala ndogo ya mdomoni yenye vipande vyembamba vya shaba ndani yake, ndizo ndimi zake. Pumzi ikipita vinatetemeka, vinalia. Basi.

Sasa hilo la filimbi. Mtu wa Lamu hana udhuru wa kuchanganya ala za pumzi. Siwa, lile baragumu kubwa, inalizwa na midomo ya mpigaji inayotetemeka. Nzumari ina ulimi wa jani. Filimbi haina ulimi wowote, pumzi inajikata kwenye ukingo wa tundu. Hakuna anayeiita siwa nzumari, harusi nzima ingemcheka. Harmonika ya kawaida ya bluzi ina matundu 10 na ndimi 20, na ndugu yake wa damu ni harmoniamu, ile ile ya taarabu. Zote mbili ni ndimi za shaba zilizoshikwa upande mmoja. Tofauti ni kwamba moja inapumua kwa mvukuto, nyingine kwa mapafu yako. Hata jina wamechangia: limetoka kwenye neno la Kigiriki harmonia, kupatana kwa sauti.

Wengine husema kinanda cha mdomo. Hao sigombani nao sana, ingawa neno kinanda nalo limetembea. Katika kamusi za karne ya 19 ni ala ya nyuzi. Baadaye likahamia kanisani na kwenye vibonye. Ndiyo maana leo ukiomba dukani "kinanda cha kupuliza" unaweza kupewa melodika, yenye vibonye vyeupe na vyeusi na mpira wa kutia mdomoni.

Lakini filimbi ndiyo inayoniudhi, kwa sababu jina hilo linafundisha vibaya. Filimbi hupulizwa tu. Harmonika hupulizwa na huvutwa, na bluzi imekaa kwenye kuvuta. Chukua harmonika ya C. Ukipuliza unapata noti za C, E na G, furaha tupu. Ukivuta matundu ya 2, 3, 4 na 5 unapata G, B, D na F, na hiyo F ndiyo inayotia uchungu. Kwa hiyo mpiga bluzi hushika harmonika ya C akapiga wimbo wa ufunguo wa G. Anayepuliza tu hafiki huko hata akikesha.

Halafu kuna kupinda sauti. Kila tundu lina ndimi mbili, moja ya kupuliza na moja ya kuvuta. Ukivuta huku ukirudisha ulimi wako nyuma mdomoni, ndimi hizo mbili zinasaidiana na sauti inashuka, inalia kama mtu. Matundu ya chini hupindwa kwa kuvuta. Kupinda kwa kupuliza ni kuanzia la 8 mpaka la 10. Nyingi ya zile zenye safu mbili za matundu kila ulimi una chumba chake, haupati mwenzake wa kusaidiana naye, kwa hiyo hazipindiki hivyo. Na hiyo ndiyo aliyokuwa nayo kijana wangu.

"Usiitupe," nikamwambia, "ina nyimbo zake. Ila kwa bluzi tafuta ya matundu 10, safu moja, imeandikwa C. Katikati iwe plastiki, maana mti huvimba kwa mate, na hapa tuna unyevu wa bahari juu yake."

"Haya ami. Filimbi ya safu moja."

"Harmonika, mwanangu."

"Harmonika," akasema, akaitia mdomoni. Safari hii alianza kwa kuvuta.