"Ya maji", "ya vocha", "ya wino": sheria inaangalia nini?

Mama mmoja mwenye genge Mbagala alituletea daftari lake la mahesabu hapa TAKUKURU, Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa. Katikati ya nyanya na mkaa alikuwa ameandika: wino 5,000, maji 3,000, vocha 2,000. Alikuwa anafuatilia barua ya utambulisho ili akamdhamini mwanawe. Nikamuuliza ametoa rushwa mara ngapi. Akashtuka. "Rushwa? Sijatoa rushwa, mwanangu. Nimetoa ya wino."

Jibu hilo tunalipokea karibu kila siku. Mtu akiambiwa waziwazi "nipe rushwa", wengi wangekataa. Akiambiwa "niachie ya maji", "jiongeze" au "tuongee kiutu uzima", mkono unakwenda mfukoni wenyewe. Kwetu mtu hanyimwi maji, na anayeomba kwa jina hilo anaujua vizuri huo uungwana wako.

Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, Na. 11 ya mwaka 2007, kifungu cha 15, haijali jina. Inaangalia kama mtu amepokea, ameomba au amekubali manufaa yoyote, kwa ajili yake au ya mtu mwingine, kama kishawishi au zawadi ya kufanya au kutofanya jambo linalohusu kazi ya mwajiri wake. Kwa hiyo kutuma pesa kwenye namba ya shemeji wa anayeomba hakubadilishi kitu. Wala kutoa baada ya kuhudumiwa. Hapana, "nilimpa tu asante" si utetezi.

Anayetoa naye yumo kwenye kifungu hichohicho. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi 500,000 na isiyozidi 1,000,000, au kifungo kisichopungua miaka mitatu na kisichozidi mitano, au vyote pamoja.

Wengine hutuuliza kuhusu chenji anayoachiwa mhudumu wa mgahawa. Umeshakula, umeshalipa bili, hakuna haki uliyoinunua. Hiyo ni bakshishi, tusichanganye mambo.

Jina zuri liliwahi kuingia hata kwenye sheria ya uchaguzi. Mwaka 2000 iliruhusiwa "takrima", yaani ukarimu, ya wagombea kwa wapiga kura, na mwaka 2006 Mahakama Kuu jijini Dar es Salaam ikatamka kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Miaka sita watu walikuwa wakibishana pilau ni ukarimu au ni kura.

Ukiombwa, usigombane wala usitoe kwanza ndipo uje kulalamika. Uliza ada hiyo imeandikwa wapi, na uombe kumbukumbu namba ya malipo ya serikali; malipo halali yana stakabadhi. Akikwepa, piga 113, ni bure, au fika ofisi za TAKUKURU za Ilala, Kinondoni au Temeke. Taja ofisi, siku, saa, kiasi na maneno yenyewe aliyotumia: kama alisema "ya wino", andika "ya wino", usitutafsirie. Usifute ujumbe wa simu. Ukija kabla hujatoa, tunaweza kuandaa mtego: namba za noti zinanakiliwa kabla noti hazijakufika mkononi, na unaelekezwa hatua kwa hatua.

Yule mama daftari lake tulilinakili, tukamrudishia asubuhi hiyohiyo, maana ndani yake kulikuwa na madeni ya wateja.