Rahaleo ipi? Namna ya kusoma matokeo ya udiwani Lindi

Ujumbe ninaoupata mara nyingi huwa mfupi: kaka, Rahaleo alishinda nani mwaka ule? Kabla sijafungua daftari, narudisha swali: Rahaleo ipi? Ya Lindi mjini au ya Mtwara mjini? Zote ni kata, na kila moja ina diwani wake. Nachingwea nayo ni kata hapahapa Manispaa ya Lindi, na ni wilaya nzima kule bara, mbali na pwani. Mtu akiandika "matokeo ya Nachingwea" bila kutaja halmashauri, mimi siyaingizi.

Nakusanya matokeo ya udiwani ya mikoa hii miwili, Lindi na Mtwara, kata kwa kata. Ni kazi ya kuokoteza. Matokeo ya urais na ubunge utayapata kwenye taarifa za Tume ya Uchaguzi. Ya udiwani hubandikwa ubaoni, jua na mvua vikafanya yao, na baada ya miezi michache umebaki na kumbukumbu za watu.

Na kumbukumbu za watu zinachanganya chaguzi mbili. Diwani huchaguliwa siku moja na rais na mbunge, chini ya Tume. Mwenyekiti wa kijiji, kitongoji au mtaa huchaguliwa mwaka mmoja kabla, chini ya TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa: 2014, 2019, 2024. Huu wa pili ndio unaoitwa "uchaguzi wa serikali za mitaa", jina lililotuponza, kwa sababu diwani naye ni wa serikali za mitaa. Mzee akiniambia chama fulani kilichukua kata yao 2014, namsikiliza hadi mwisho, kisha namuuliza taratibu kama hasemi wenyeviti wa mitaa. Mara nyingi ni hao.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Madiwani wa kwanza wa vyama vingi walichaguliwa 1994, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu wa 1995. Karatasi tatu za kura kwa siku moja, ya rais, ya mbunge na ya diwani, zilianza 2000. Ukiona jedwali limeandika "Oktoba 2005", ujue mwandishi amenakili tu: mgombea mwenza wa CHADEMA alifariki, na kura zikasogezwa hadi Desemba 14.

Sasa tuje kwenye mipaka, ambako ndiko ninakopotezea usingizi. Kugawa kata ni kazi ya upande wa TAMISEMI, kukata majimbo ni kazi ya Tume, na hawa wawili hawatembei kwa saa moja. Chukua jimbo la Mchinga. Mwaka 2015 mpiga kura wa Kitomanga au Rutamba alikuwa Halmashauri ya Wilaya ya Lindi, na diwani wake alikwenda kumchagua mwenyekiti wa halmashauri. Kufikia 2020 halmashauri ile ilikuwa imekuwa Halmashauri ya Mtama, na kata za jimbo la Mchinga zimehamishiwa Manispaa ya Lindi. Mnazi uleule, barabara ileile ya kwenda Kibiti, lakini diwani sasa anamchagua meya. Manispaa iliyokuwa ya mjini na viunga vyake imebeba vijiji vya wakulima. Ukichukua viti vya Manispaa vya 2015 ukavilinganisha na vya 2020, unalinganisha kapu na gunia.

Kata ikigawanywa ni vivyo hivyo kwa udogo wake. Jina la zamani hubaki na upande mmoja, upande wa pili unapata jina jipya, na mtu wa takwimu anashangaa kura zimekwenda wapi. Hazikwenda kokote, zipo kata ya jirani.

Safu nyingine inayofutwafutwa daftarini kwangu ni ya chama. Kusini palikuwa ngome ya chama cha CUF: Salum Barwany alichukua ubunge wa Lindi Mjini 2010, Seleman Bungara, yule Bwege, akashinda Kilwa Kusini 2010 na 2015. Machi 2019 Maalim Seif, kiongozi wa CUF, akahamia chama cha ACT-Wazalendo, wengi wakamfuata, na 2020 Bungara mwenyewe aligombea kwa bendera hiyo. Jedwali linasema CUF imeporomoka. Kwa sehemu ni kweli, lakini sehemu nyingine ni watu walewale waliobadili fulana. Mimi naweka safu mbili, ya chama na ya mgombea, hata kama ukurasa unajaa.

Halafu kuna chaguzi ndogo. Diwani akifariki, akijiuzulu au akipoteza uanachama wa chama chake, kiti kiko wazi. Novemba 26, 2017 zilipigwa kura katika kata 43 nchini, na CCM ikachukua 42. Ukisoma 2015 na 2020 pekee, yote haya huyaoni.

Kwa nini nahangaika na kata moja? Kwa sababu kata moja huvuta nyingine. Viti maalumu vya wanawake, theluthi ya madiwani wa kuchaguliwa, hugawanywa kwa vyama kufuata kata walizoshinda. Chama kikipoteza kata mbili tatu kinaweza kupoteza na kiti maalumu, na kwenye baraza la madiwani ambalo vyama vinakaribiana kwa viti, hapo ndipo meya anapopatikana au kukosekana. Na baraza ndilo linalokaa na bajeti ya ushuru wa korosho, ulioshushwa 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3. Kwa halmashauri za huku, asilimia 2 si mchezo.

Kwa hiyo ombi langu. Kama uliwahi kuwa wakala kituoni, angalia kwenye mafaili ya zamani kama una nakala ya fomu ya matokeo. Kwa 2015 na 2020 tafuta 21C, ndiyo ya udiwani. A ni ya rais, B ya mbunge. Piga picha juani, si kwa taa. Na tafadhali, chini ya jina la kata andika na halmashauri.