Saratani ya tumbo: kwa nini dawa hutangulia kisu

Ndugu wakishaambiwa mgonjwa wao ana saratani ya tumbo, kauli ya kwanza mara nyingi ni hii: "Daktari, mtoeni huo uvimbe leo leo." Uchungu wao tunauelewa. Lakini uvimbe uliokwisha kupenya ukuta wa tumbo au kuingia kwenye tezi za jirani huenda umeshatawanya chembe za saratani ambazo kipimo cha CT (picha za ndani ya mwili) hakizioni wala kisu hakizifikii. Upasuaji peke yake huziacha, na ndizo zinazorudisha ugonjwa.

Mwaka 2006 utafiti wa Uingereza uitwao MAGIC, wenye wagonjwa 503, ulionyesha tofauti. Waliopata tibakemikali (dawa za kuua chembe za saratani) kabla na baada ya upasuaji, takriban 36 kati ya 100 walikuwa hai baada ya miaka mitano. Waliopasuliwa tu, 23. Mwaka 2019 Wajerumani wakaonyesha kuwa FLOT, mchanganyiko wa dawa nne, unazidi hapo: nusu ya wagonjwa waliishi miezi 50 au zaidi, wakati kwa dawa za awali ilikuwa 35. FLOT hutolewa kwa dripu kila wiki mbili, mara nne kabla ya upasuaji na mara nne baadaye.

Saratani ikishafika kwenye ini au utando unaofunika viungo vya ndani ya tumbo, hesabu hubadilika. Utafiti wa Japani, Korea Kusini na Singapore uliotolewa 2016 ulikuta kuwa kumwondoa mgonjwa tumbo kwanza hakukumwongezea maisha kuliko dawa peke yake. Hapo upasuaji huwa wa kuzuia damu inayovuja au kufungua palipoziba.

Sehemu ngumu ni dozi za baada ya upasuaji. Hata kule Ujerumani, chini ya nusu ya waliopewa FLOT walimaliza zote. Tumbo limepungua au halipo kabisa, nusu kikombe cha uji kinatosha kumshibisha mtu mzima. Kwa hiyo anzeni kumlisha mapema, kidogo kidogo mara sita kwa siku: uji wa karanga, yai lililoiva vizuri, samaki. Maji ya friji msimpe. Mojawapo ya dawa hizi hufanya baridi ichome vidole na koo kama sindano. Na joto likifika nyuzi 38, msikimbilie dawa ya malaria dukani. Kinga yake iko chini. Mpelekeni hospitali usiku huohuo.