Nani atasahau? Ufundi wa hotuba ya Lumumba, 30 Juni 1960

Nafundisha balagha, yaani sanaa ya kusema kwa ushawishi, na kila tukifika kwenye hotuba ya Patrice Lumumba ya siku ya uhuru wa Kongo, wanafunzi hukimbilia takriri, yaani kurudiarudia maneno. Hawakosei. "Nous avons connu", kwa Kifaransa cha hotuba, yaani tumeyaonja, ndiyo nguzo ya sehemu ya kwanza: tumeonja kazi ngumu kwa mshahara usiotosha kula wala kuvaa, tumeonja kejeli, matusi na vipigo asubuhi, mchana na jioni. Lakini takriri hata diwani wa kata anaiweza. Anayeisoma hotuba hii bila ile iliyoitangulia anaambulia nusu ya utamu wake.

Ndani ya jumba la Palais de la Nation, Léopoldville (leo Kinshasa), Mfalme Baudouin wa Ubelgiji ndiye aliyezungumza kwanza. Alisema uhuru wa Kongo ni kilele cha kazi iliyobuniwa na kipaji cha Leopold wa Pili. Ndiyo, Leopold yuleyule, mfalme wa Ubelgiji aliyeimiliki Kongo kama mali yake, ambako watu walilazimishwa kuvuna utomvu wa mpira na wengine wakakatwa mikono. Kisha akawausia Wakongo wasiharakishe mageuzi, wala wasibadili mifumo wanayoachiwa mpaka wawe na hakika kwamba wanaweza kufanya vizuri zaidi. Rais Joseph Kasa-Vubu akafuata, kwa upole. Waziri Mkuu Lumumba hakuwamo kwenye ratiba ya wasemaji, akasimama.

Salamu yake ya kwanza haikwenda kwa mfalme. Iliwaendea wanaume na wanawake wa Kongo, wapigania uhuru ambao siku ile walikuwa washindi. Kwa sentensi moja mgeni wa heshima akawa mtu anayesikiliza maongezi ya wenye nyumba. Mimi naiona hiyo kuwa mbinu kali kuliko zote zilizofuata, nayo haina hata jina la kutisha kwenye vitabu vyetu: ni kuchagua hadhira.

Halafu anakubali kwanza, ndipo apige. Anakiri kwamba uhuru umetangazwa kwa maelewano na Ubelgiji, nchi rafiki, sawa kwa sawa. Hata hivyo, anaongeza, hakuna Mkongo anayestahili jina hilo atakayesahau kwamba ulipatikana kwa mapambano, mapambano ya machozi, moto na damu. Mfalme alikuwa ametoka kuuelezea uhuru kama tunda la kazi ya Wabelgiji. Hakutajwa, lakini amejibiwa.

Ndiyo maana swali lake la balagha, "nani atasahau?", linachoma vile. Kwa kawaida swali la namna hii jibu lake ni "hakuna", na hadhira inalimalizia kimoyomoyo. Pale ukumbini alikuwapo mtu aliyesahau mbele ya kila mtu, dakika chache tu zilizopita.

Tazama pia anachochagua kukikumbuka. Risasi zilizoua ndugu na vifungo vya gerezani vimo, lakini kabla yake anataja mtu mweusi aliyeambiwa "tu", "wewe" ya Kifaransa isiyo na heshima, kama mtoto kwa sababu "vous" ya heshima iliwekewa wazungu. Mtu mweusi aliyekatazwa sinema na mikahawa. Aliyesafiri kwenye matishari miguuni pa mzungu aliyelala katika chumba cha anasa. Udhalilishaji mdogo wa kila siku hauhitaji ushahidi wala takwimu, kwa kuwa kila aliyekuwa akisikiliza redioni alikuwa na wa kwake. Ukinzani unakaza kamba: sheria laini kwa hawa, katili kwa wale, nyumba za fahari huku, vibanda vinavyobomoka kule.

Baadaye anasema hayo yote yamekwisha, na kitenzi kinageuka. "Tumeyaonja" inakuwa "nous allons", tutafanya. Tutaionyesha dunia anachoweza mtu mweusi akifanya kazi katika uhuru. Tutazipitia upya sheria zote za zamani. Hiyo ya sheria ni jibu jingine kwa wosia wa mfalme. Zaidi ya hapo, sehemu hii naiona dhaifu: ahadi ni pana, hakuna tishari wala kibanda cha kushika mkononi, na takriri inabeba mzigo peke yake.

Kwenye chakula cha mchana siku hiyohiyo alitoa maneno mengine, ya kumsifu mfalme na kutuliza hali. Yalikuwa na adabu zote za kidiplomasia. Sijawahi kukutana na mwanafunzi anayeyajua.