Tofaa likishachumwa bado linapumua

Watu wakiniuliza habari ya kuweka matofaa wakati wa baridi wanaanza na wapi, niweke stoo, niweke friji, niweke chini ya nyumba, na mi huwa nawarudisha nyuma kidogo, kwanza unaweka tofaa gani? Maana tofaa likitoka mtini halijafa, liko hai, linapumua, linakula sukari yake lenyewe mdogo mdogo, na kazi yako yote ni kulipunguzia pumzi. Likiingia stoo limeshachoka hakuna chumba kitakachoweza kuliokoa.

Kwa hiyo zile aina zinazoiva mapema, kula sasa hivi, kamua juisi, kausha. Wiki chache tu zimekuwa unga unga mdomoni. Zinazokaa ni za kuchelewa, zenye nyama ngumu, kina Bramley, Fuji, Braeburn, Granny Smith, hizo ukizitunza zinavuka miezi kadhaa.

Na siku ya kuchuma ndo inaamua karibu kila kitu. Linyanyue kwa kiganja ulizungushe kidogo, likiwa tayari linaachia lenyewe na kikonyo chake. Alafu kata moja la mfano ulipake iodini, penye wanga panageuka bluu nyeusi, sasa ukiona limekuwa jeusi lote bado ni mapema, ukiona weusi haupo kabisa basi wanga wote umeshakuwa sukari, hilo mti wake ni wa kula siyo wa kuweka, unataka la katikati hapo. (La mfano tupa, usile.)

Shika kama mayai jamani, nasema kweli. Pigo dogo la leo hulioni, kesho kutwa ni doa la kahawia. Lililoanguka chini, lililotobolewa na mdudu, lililong'oka kikonyo, yote pembeni. Hata yale makubwa kupita kiasi yanayotupendeza machoni, kalsiamu yake ni kidogo kulingana na ukubwa, yanawahi kuharibika, mi naanza kuyala hayo. Na usiyaoshe.

Sasa mahali: nyuzi 0 mpaka 4, giza, na unyevu mwingi, kama asilimia 90 hivi, hewa ikiwa kavu yanasinyaa ngozi. Friji inafaa ukiyatia kwenye mfuko wa plastiki wenye matundu. Ila yasishuke chini ya nyuzi -2 yataganda, yakiyeyuka ndo basi tena.

Mwaka mmoja nilichanganya ya mapema na ya kuchelewa kwenye stoo moja, nikaona nafasi ipo, na baridi haijafika hata katikati yote yamelegea, niliumia sana. Tofaa linaloiva linatoa gesi ya ethilini na gesi hiyo inawaivisha majirani, yaani samaki mmoja akioza ni hivi hivi. Tangu hapo kila aina na kreti yake, tabaka moja moja, kila tunda nalifunga na gazeti, na karoti nimezihamisha kabisa maana ethilini inazifanya chungu.

Kila wiki pita ukinuse kwanza kabla hujagusa, harufu tamu kali ikikupokea mlangoni kuna mahali limeshaivishana, litafute. Lenye ukungu wa bluu usilikate kipande eti lililobaki ukamulie juisi, ukungu ule unaacha sumu inayoitwa patulini na kuchemsha hakuimalizi, tupa zima.